Siku ya 47 nimeteleza msibani. Mlioacha fegi, arosto mliibeba vipi?

Fundi Spana (mleta uzi)
Jumatano, saa 3:10 usiku

Wakuu habari za usiku.

Mimi fundi magari, gereji yetu iko Tabata, umri 38. Sigara nilianza kidato cha tatu nyuma ya vyoo vya shule, kwa hiyo nina zaidi ya miaka 20 na hii kitu. Kuacha nimeshaacha mara tatu. Ya kwanza siku 3, ya pili wiki 2, ya tatu naona haya kuitaja maana niliacha asubuhi nikarudi usiku huohuo kibanda umiza, timu yangu ilipofungwa dakika za nyongeza.

Safari hii nilijipanga. Nikachukua chaki tunayowekea alama kwenye tairi, kila jioni nikifunga gereji nachora mstari mmoja nyuma ya mlango wa stoo. Wiki ya kwanza isikieni kwa wengine. Usingizi hakuna, jasho, njaa isiyoisha, na hasira za kijinga. Saidia fundi wangu aliniletea spana namba 14 badala ya 13, nikamfokea mpaka mteja akaingilia. Nikavuka. Mistari ikafika 20, 30, 40. Nikaanza hadi kuwahubiria wenzangu.

Siku ya 46 ikaja simu, mjomba wangu Lushoto hatunaye. Baridi ya kule mwezi wa saba wanaoijua wanaijua. Usiku wa pili wanaume tumeuzunguka moto nje, turubai linapigwa na upepo, kahawa inapita. Binamu yangu kakaa pembeni, mtoto wa marehemu huyo. Hajasema neno. Akatoa pakiti, akachomoa mbili, moja akaitia mdomoni, nyingine akaninyooshea. Hakuniuliza, ndivyo tulivyokuwa tangu tukiwa vijana. Mkono ukapokea kabla kichwa hakijajua.

Na haikuwa hata tamu. Pafu la kwanza kizunguzungu, la pili mate yakajaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Nikaimaliza yote. Hadi alfajiri nilikuwa nimevuta 5. Wakati wa kurudi, basi liliposimama Mombo, nikashuka nikanunua pakiti kwa hela yangu.

Leo siku ya nne tangu nirudi. Navuta nikijificha nyuma ya gereji, kama nilivyoanza shuleni. Mlango wa stoo sijaufungua, vitu namtuma kijana. Watu siwaonei aibu, naionea aibu ile michoro ya chaki.

Sasa nauliza wazoefu, nifute nianze moja? Na ile kiu ya ghafla mnaibeba vipi? Wa kutukana apite kimya.

Kijiwe Nongwa

Sasa ulitaka binamu akunyooshee nini, muwa?

Abiria wa Mwisho

Naweka kambi hapa. Niko siku ya 6, natafuna karafuu kutwa, mke wangu anasema nanukia pilau.

Zamu ya Usiku

Fundi, kwanza pole kwa msiba, naona wenzangu wamekimbilia sigara.

Mimi muuguzi, nimekaa wodi ya kifua muda mrefu, na baba yangu alikuwa mvutaji, kwa hiyo nimeyaona ya hospitali na ya nyumbani. Kuna mambo mawili tofauti ambayo wavutaji wote mnayaita arosto.

La kwanza ni la mwili. Ukivuta moshi, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hivi. Haikai lakini. Kila baada ya saa 2 hivi kiwango chake kwenye damu kinashuka kwa nusu, ndiyo maana mvutaji akiamka kitu cha kwanza anapapasa pakiti. Ukiacha, mwili unalalamika zaidi siku ya 2 na ya 3, kisha unapoa taratibu, na wengi ndani ya wiki 3 au 4 wameshamaliza. Zile hasira za spana namba 14 ndizo hizo. Kufika siku ya 47 ulishazivuka zamani.

La pili ni la mahali na watu. Moto, baridi, kahawa, binamu. Kichwa chako kimefundishwa miaka 20 kwamba hivyo vinne vikikutana, cha tano kinafuata. Hiyo kiu haiishi kwa mwezi. Unaweza kukaa wiki nzima usiisikie, halafu ikakukuta imesimama mlangoni. Ila ina tabia moja nzuri: inapanda, na usipoilisha inashuka yenyewe, mara nyingi dakika 3 hadi 5. Wagonjwa wangu nawaambia watazame saa ya ukutani, wasipigane nayo, waitazame tu inavyopanda na kushuka, huku wanakunywa maji kidogo kidogo.

Sasa nikuseme. Kosa lako halikuwa Lushoto, lilikuwa Mombo. Kwenye moto mkono ulipokea kabla ya kichwa, sawa. Pale Mombo kichwa kilikuwepo, kikatoa hela, kikasubiri chenji. Kati ya Lushoto na Mombo kuna kitu ulijiambia. Ulijiambia nini?

Fundi Spana

Nilijiambia nimeshaharibu, basi tena.

Zamu ya Usiku

Hilo ndilo linalowarudisha watu kijiweni, si ile moja ya kwenye moto. Pakiti iliyobaki iko wapi?

Fundi Spana

Mfukoni mkuu. Zimebaki 7.

Zamu ya Usiku

Si mkuu, ni dada yako. Ziloweke. Usizitupe kavu, sigara kavu kwenye ndoo ya taka hufukuliwa saa 8 usiku. Na kahawa unakunywa vikombe vingapi kwa siku?

Fundi Spana

Muuza kahawa anapita gereji mara tatu. Sita, saba hivi. Kwani inahusiana?

Zamu ya Usiku

Sana. Moshi wa sigara unalifanya ini liichome kafeini haraka. Mvutaji anakunywa vikombe saba na analala. Akiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, mtu anatetemeka, moyo unamdunda, usingizi hauji, anasema arosto inamuua. Nusu ya arosto yako ya wiki ya kwanza huenda ilitoka kwenye birika. Punguza kwa nusu, na baada ya saa 9 alasiri usiguse.

Abiria wa Mwisho

Ningeyajua haya siku 6 zilizopita nisingemgombeza mama mwenye nyumba.

Mwana wa Urambo

Mimi nimezaliwa Urambo, tumbaku naijua kabla haijawa sigara. Ndiyo iliyonilipia ada. Utotoni msimu wa kuchuma, asubuhi majani yana umande, tulikuwa tunarudi nyumbani kichwa kinazunguka, tunatapika, wazee wanasema ni njaa. Ukubwani ndipo nikajua kwamba nikotini ilikuwa inapenya kwenye ngozi iliyolowa. Usiku tunakesha kwenye mabani kuchochea kuni, majani yakauke. Fundi akisimulia moto na sigara, mimi namwelewa kuliko anavyodhani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupunguza. Kutoka 20 nikafika 8, nikajisifu, kumbe hizo 8 navuta mpaka kidole kinaungua, pafu refu, moshi naubana kifuani hadi macho yanatoka. Mwili ulikuwa unadai hesabu yake ileile. La pili nikahamia ugoro. Miezi minne natangaza nimeacha sigara, kumbe nikotini imebadilisha mlango tu. Kuuacha ugoro kulinitesa kuliko sigara yenyewe.

Kilichonisaidia ni kukaa chini nikatafuta kiu yangu inaanzia wapi hasa. Ilikuwa haianzi na njaa wala mawazo. Ilikuwa inaanzia kwenye nondo za dirisha la duka la Mangi, ambapo amening'iniza kiberiti cha gesi kwa kamba. Nyie mnakijua. Unanunua moja, unajiwashia palepale, huhitaji hata kumiliki kiberiti. Mimi nikisikia tu ule mlio, tiki tiki, mate yanajaa. Nikabadilisha njia, nikawa nazungukia msikitini, dakika 6 zaidi kila jioni, kwa miezi miwili. Mangi akadhani namkimbia kwa deni, akanipigia simu.

Tabibu Asilia

Nina dawa ya mizizi ya kuacha sigara ndani ya siku 3, unachanganya na maziwa, unatapika sumu yote. Nitafuteni pembeni.

Mwana wa Urambo

Tumetapika bure kule shambani na hatukuacha. Modi, pita huku.

Kibubu

Mimi nilivuta 12 kwa siku, mtaani kwetu moja ni 200. Yaani 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Nilipoacha nikanunua kibubu cha bati, kila jioni nadumbukiza 2,400. Kilikuwa kinanipa raha kukitikisa. Mwezi wa pili nikagombana na bosi, nikarudi nyumbani saa 4 usiku, nikakichana kibubu kwa kisu cha jikoni nikaenda kununua sigara.

Nimenunua kingine. Safari hii kinakaa kwa shangazi Mbagala, nampelekea kila Jumapili. Hadi nifike huko kwa daladala mbili, hasira zimeisha.

Dirisha la Bafuni

Nimesoma uzi wote nikicheka na kulia. Nyie mna vijiwe, mna mioto, mnanyooshewa. Mimi ni mwanamke, 34, nafanya kazi ofisini, nimevuta miaka 9 na aliyejua ni mdogo wangu tu, naye alinifuma. Navutia bafuni, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso kwenye kile kidirisha cha juu, taulo limeziba chini ya mlango. Kisha mswaki, pipi ya mnanaa, marashi. Sigara ya dakika tano ilikuwa inanila nusu saa.

Ukivuta kwa siri, utaacha kwa siri. Mwanaume akiwa mkali kazini watu wanaambiana mwacheni, anaacha sigara. Mimi nilipokuwa mkali ikasemwa nina mimba. Vidonda vilinitoka mdomoni, choo kikafunga wiki nzima, nikawa nakohoa kuliko nilipokuwa navuta (dada muuguzi atanisahihisha, nilisoma ni mapafu yanaanza kujifagia). Ndoto nazo. Naota nimevuta, naamka natokwa machozi nikidhani ni kweli.

Na kilo 5 zikaniongezeka. Nilijiandaa kwa maneno. Mama mkwe kuniona Krismasi akanishika mkono, akanigeuza kushoto na kulia, "Mwanangu umenawiri, ndoa imekukubali." Sikuongeza neno.

Niliteleza mara moja, mwezi wa tatu, baada ya ugomvi nyumbani. Mbili, palepale bafuni. Kilichonishtua ni ile ndoo. Ilikuwa bado imepinduliwa chini ya dirisha, miezi mitatu naoga pembeni yake kila siku na sikuiona. Yaani ngazi yangu ilikuwa inanisubiri. Asubuhi nikampa dada wa kazi akafulie nguo uani. Mdogo wangu akaniambia nisianze kuhesabu upya, niandike mbili, na tarehe, niendelee. Hadi leo kwenye kitabu changu kuna ukurasa umeandikwa "mbili".

Zamu ya Usiku

Hujakosea, dada. Moshi unalaza vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa. Ukiacha vinaamka, vinasukuma makohozi nje, mtu anakohoa anadhani anaumia. Kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza ndiyo wastani, na kwa moyo wako bado umepata faida kubwa. Ila kikohozi kikizidi wiki 2, au kikiwa na damu, au ukipungua uzito badala ya kuongezeka, nenda kapime kifua kikuu. Wavutaji mnaugua TB kirahisi kuliko wengine.

Kijiwe Nongwa

Mimi nilihamia zile za mnanaa, laini, hazikwaruzi.

Zamu ya Usiku

Mnanaa unapoza koo ili moshi ushuke vizuri. Lami ni ileile.

Kijiwe Nongwa

Na shisha?

Zamu ya Usiku

Ilipigwa marufuku nchini mwaka 2016, na wewe unajua.

Mtoto wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Hilo la kiberiti kwenye kamba hata huku lipo. Kenya sheria ya 2007 ilikataza sigara kuuzwa moja moja. Nenda kibanda chochote na sarafu zako uone kama utalazimishwa pakiti.

Mimi nina jambo lililokuwa likinishangaza. Ramadhani, alfajiri hadi magharibi, saa 13 na ushei, sivuti na sifi. Siku ya kawaida saa 2 zikipita natafuta mtu wa kugombana naye. Mwili ni uleule. Nikaja kufahamu kwamba mchana wa Ramadhani mlango umefungwa na ufunguo hauko kwangu. Kiu huja, haimkuti mtu wa kuzungumza naye, ikaondoka. Lakini robo saa kabla ya adhana ya magharibi hupanda kama wazimu. Hapo imeshaona mlango unakaribia kufunguliwa.

Basi mwaka mmoja nikasema nitaacha humohumo. Nikafuturu kwa tende na uji, sigara nikaisogeza baada ya chakula, kisha baada ya tarawehe, kisha nikalala bila. Siku 11 za mwisho sikugusa. Siku ya Idi, kanzu mpya, jamaa wote barazani, nikavuta 4 kabla ya adhuhuri. Mwaka wa pili hivyohivyo. Wa tatu nikajiuliza, mbona najiandaa kwa Ramadhani na sijiandai kwa Idi? Nikaswali Idi, nikamchukua mamangu nikampeleka kwa dadake Malindi. Kutwa nzima nimebanwa kwenye matatu na kina mama watu wazima, nani atavuta? Mwaka wa nne huu.

Fundi, arobaini ya mjomba wako ni lini?

Fundi Spana

Dah.

Sikuwa nimeiwaza kabisa. Kama mwezi mmoja kutoka leo. Na binamu atakuwepo, ndiye mwenye shughuli.

Abiria wa Mwisho

Siku ya 7 leo. Kuna mtu ametumia bigijii ya nikotini? Nimeipata duka kubwa la dawa mjini, bei imenikata. Nimeitafuna, nimeshikwa na kwikwi na kiungulia kutwa.

Zamu ya Usiku

Umeitafuna kama bazoka. Itafune taratibu mpaka usikie kama pilipili ulimini, kisha iegeshe kati ya fizi na shavu. Ikipoa tafuna tena kidogo. Kahawa na soda zikae mbali robo saa kabla, uchachu wake unazuia nikotini isinyonywe. Anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka huanza na miligramu 4, wengine 2. Si anasa, Shirika la Afya Duniani liliziweka bigijii na bandiko la nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na shirika hilohilo linasema dawa pamoja na ushauri wa mtaalamu vinaweza kuongeza nafasi yako ya kufaulu zaidi ya mara mbili. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza kituo cha afya.

Fundi Spana
Ijumaa, saa 2:40 usiku

Wakuu nimerudi na taarifa, na nitasema ukweli.

Zile 7 sikuziloweka usiku ule. Jana nimevuta 4. Leo asubuhi moja. Mbili zilizobaki mchana nimezitumbukiza kwenye kopo la oili chafu, nikazikoroga na bisibisi. Hata mimi sina ujasiri wa kuzifukua humo.

Halafu nikaingia stoo. Nikafunga mlango kwa ndani nitazame mistari yangu, niliacha 45 siku naondoka. Nikakuta 54. Mistari yangu imenyooka, imepangwa tano tano. Kuanzia wa 46 imepinda, mingine mirefu mingine mifupi, kama imechorwa na mtu anayewahi daladala. Kijana wangu. Siku zote nilizokuwa msibani, na hizi nilizokuwa navuta nyuma ya gereji, yeye akifunga anachora.

Nikamwita. Nikamwambia, hii mistari tisa umechora bure, mimi nimevuta. Akasema, "Fundi, najua. Unanuka." Nikamuuliza sasa kwa nini unachora? Akanijibu, "Uliniambia ukisafiri nichore. Hukuniambia nikague."

Huyo ndiye niliyemfokea kwa ajili ya spana.

Tumekubaliana hakuna kufuta. Wa 46 ni halali, siku ile sikuvuta. Kuanzia 47 hadi 54 tumezungushia duara, maduara manane. Kesho nachora 55, Mungu akipenda bila duara.

Dirisha la Bafuni

Huyo kijana mwongezee posho.

Zamu ya Usiku

Kahawa?

Fundi Spana

Leo vitatu, dada.

Mwana wa Urambo

Tuje kwenye arobaini. Binamu mpigie simu mapema, siyo ukifika. Ukifika kuna watu, kuna machozi, hutaweza kusema.

Dirisha la Bafuni

Na usimwambie "sivuti". Sivuti ina jibu, watu husema hata moja? Mwambie "usininyooshee". Unamwomba yeye kitu, na mtu aliyefiwa na baba anajua kuombwa.

Kibubu

Usikae upande ule wa moto. Kaa na wazee wanaoshika tasbihi.

Kijiwe Nongwa

Mnazunguka sana. Fundi, omba kazi ya kumimina kahawa. Mmiminaji mkono mmoja una birika, mwingine una vikombe, na hatulii sehemu moja. Nimemimina misiba mingi mimi, sijawahi kuona mtu anamnyooshea mmiminaji sigara. Ataishika na nini?

Mwana wa Urambo

Kijiwe Nongwa umesema neno la maana, niandikieni tarehe.

Fundi Spana
Wiki mbili baadaye

Kwa wanaofuatilia. Duara limeongezeka moja, Jumapili, kibanda umiza tena. Nilivuta nusu, nikaikanyaga, nikaondoka mpira haujaisha. Mombo sikufika.

Kiu ikinishika kazini nimepata mchezo wangu. Naenda kwenye gari lolote lililo juu ya jeki, nalegeza nati za tairi moja halafu nazikaza upya kwa mpangilio. Nikifika ya tano imeshapita. Kuna mteja kaniuliza mbona tairi lake limefunguliwa mara tatu na yeye alileta breki.

Binamu nimempigia. Nilimwambia kama dada wa bafuni alivyosema. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Akasema, "Ile siku hata sikukumbuka kama umeacha. Nilikuwa sitaki kuvuta peke yangu." Kisha tukazungumza habari za mbuzi.

Abiria wa Mwisho

Siku ya 24. Karafuu nimeacha, sasa natafuna mswaki wa mti. Mke anasema afadhali pilau.

Fundi Spana
Jumamosi, saa 5:20 usiku

Nawaandikia kutoka Lushoto, mtandao unakuja na kuondoka. Wazee wameisogeza arobaini iangukie leo. Dua imekwisha, kina mama wamelala. Moto uko palepale, baridi ya mwezi wa nane nayo haijaambiwa kwamba Julai imeisha. Dar kijana ameshachora wa 83, kanitumia picha, umepinda.

Birika nimelishika tangu baada ya isha. Kijiwe Nongwa, mkono wa kulia umeniuma kuliko siku ya kushusha injini.

Kama saa 4 hivi nilizunguka nikafika kwa binamu. Alikuwa ameshatoa pakiti. Akachomoa mbili, zikabaki kati ya vidole vyake. Akanitazama, akalitazama birika. Moja akairudisha ndani ya pakiti, akaibana na kidole gumba mpaka ikaingia vizuri. Ile nyingine akaiwasha, akageuza uso ili moshi uende upande wa bondeni.

Nikammiminia kikombe, nikasogea kwa anayefuata.

Zamu ya Usiku

Na wewe umekunywa vingapi?

Fundi Spana

Viwili, dada.